Maswali kwa Mama Fundi: Helikopta mpya inatetemeka, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nimerusha ndege za mabawa za rimoti kwa miaka miwili, na sasa nimepata helikopta ya umeme yenye mapanga ya milimita 325. Ilikuja ikiwa imeshaungwa kiwandani. Nikianza kuongeza nguvu inatikisika vibaya, skidi, yaani miguu yake ya kutua, zinadundadunda chini. Nikivumilia mpaka ifike kasi yake, kudunda kunaisha lakini mkia unabaki unatetemeka, na gia zinalia kwa sauti kali. Niliambiwa mkia ukicheza dawa yake ni kupunguza nguvu ya jairo, kile chombo kinachozuia mkia usigeuke wenyewe, nikaipunguza hadi nusu. Mkia ukatulia kidogo, ila sasa helikopta inageuka yenyewe hewani. Nimeshagusa karibu kila kipimo kwenye rimoti. Tatizo ni nini?
Kijana wa Mabawa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza rudisha vipimo vyote vya jairo na rimoti kama ulivyovikuta, halafu rimoti iweke kabatini. Kazi iliyo mbele yako ni ya alenki (ufunguo wa skrubu zenye tundu la pembe sita), koleo ndogo na kipande cha kioo. Huwezi kunyoosha chuma kwa kubonyeza vitufe.

Aliyekushauri kuhusu jairo hakudanganya, ila alikuwa anazungumzia ugonjwa mwingine. Jairo ikizidi ukali, mkia unapepea kushoto na kulia, na ukiangalia vizuri unaweza hata kuhesabu: kushoto, kulia, kushoto. Mtetemo hauhesabiki. Utauona kwenye bapa la mkia, kile kibao kilichosimama wima mwishoni; kingo zake zinakuwa na ukungu kana kwamba mabapa ni mawili. Wewe umeandika "unatetemeka", kwa hiyo nadhani una ukungu. Jairo ilikuwa inajitahidi kufanya kazi yake katikati ya fujo, nawe ukaipunguzia nguvu. Ndiyo maana sasa helikopta inageuka.

Nilitengeneza cherehani kwa miaka 11 kabla sijashika helikopta yangu ya kwanza, na kazi ile ilinifunza jambo moja ambalo sijaliacha: mashine mpya izungushe kwa mkono kwanza, polepole, duara zima, sikio likiwa karibu. Chomoa betri. Shika gia kuu, izungushe. Je, kuna mahali inakuwa nzito halafu inalegea? Kuna mahali inakwaruza? Andika ulichosikia na mahali ulipokisikia. Helikopta ya kuungwa kiwandani imeungwa kwa haraka na mtu ambaye hataiona ikiruka. Kwangu mimi neno "mpya" maana yake ni "bado haijakaguliwa", na ningependa kila anayefungua boksi alichukue neno hilo hivyo.

Sasa tuchambue barua yako, maana umeeleza matatizo mawili, labda matatu, kana kwamba ni moja.

Kudunda kwa skidi wakati wa kuanza, kunakoisha kasi ikipanda, mara nyingi kunatoka kwenye bolti za mapanga. Panga limefungwa kwenye kishikio chake kwa bolti moja, na linatakiwa liweze kuzunguka kwenye bolti hiyo ili lijinyooshe lenyewe linapovutwa kwenda nje. Bolti moja ikikazwa kuliko mwenzake, panga moja linanyooka mapema na lingine linachelewa likiwa limepinda nyuma, na kwa sekunde hizo uzito wa rota, yaani mapanga pamoja na kichwa kinachoyashika, unakuwa upande mmoja. Kasi ikipanda, mvuto unalilazimisha lile la pili nalo linyooke, kudunda kunakwisha. Hebu jaribu hivi: nyoosha mapanga, ilaze helikopta ubavu ili mapanga yalale sambamba na sakafu. Yanatakiwa yajishikilie yenyewe, lakini ukiitikisa kidogo yaanguke, na yaanguke pamoja. Lisiloanguka limekazwa mno. Linaloanguka kabla hujatikisa limelegea.

Mtetemo wa mkia usioisha ni habari nyingine, na hapo inabidi tutenganishe. Vua mapanga makubwa yote mawili. Peleka helikopta mahali wazi, ifunge skidi kwenye ubao mzito, kijiti cha rimoti kinachobadilisha mwinamo wa mapanga kiwe sifuri, simama mbali, iwashe kwa nguvu ya wastani kwa sekunde chache tu. Kama mtetemo umekwisha, ulikuwa kwenye mapanga au kichwa cha rota. Kama upo palepale, uko kwenye shafti kuu, gia, mota au mkia. Zima, chomoa betri, vua na mapanga madogo ya mkia, rudia. Umekwisha? Basi ulikuwa kwenye mapanga ya mkia au vishikio vyake. Kwa majaribio mawili umeshajua chumba alichojificha mwizi, na hujanunua kipuri hata kimoja. Tafadhali usikaribishe mkono kwenye mkia kwa sababu tu mapanga makubwa hayapo. Kwenye helikopta za ukubwa huu rota ya mkia huzunguka zaidi ya mara 4 ya rota kuu. Rota kuu ikienda mizunguko 2,600 kwa dakika, ya mkia inapita 10,000.

Kama mtuhumiwa ni mkia, anza na skrubu ndogo inayoshikilia kitovu cha rota ya mkia kwenye shafti yake. Shafti hiyo huwa na sehemu bapa au kishimo ambapo ncha ya skrubu inatakiwa ikae. Nimekuta kwenye mashine mbili mpya skrubu ikiwa imekazwa pembeni ya kile kishimo, kitovu kimekaa upande. Kisha angalia mkanda. Uminye kwa kidole kupitia uwazi ulio karibu na gia; unatakiwa urudi nyuma kidogo bila pande zake mbili kugusana kirahisi. Ukilegea unaruka meno, ukibana sana unakula beringi na kupoteza nguvu. Kama yako inatumia fimbo ya chuma badala ya mkanda, angalia beringi inayoishikilia katikati ya bomba la mkia. Ikihama mahali pake, fimbo inapiga kama kamba ya kuruka.

Kama mtuhumiwa ni kichwa, hapa ndipo nataka ukae muda mrefu. Chukua panga la gramu 30 ambalo kitovu cha uzito wake kipo sentimita 19 kutoka katikati ya shafti, lizungushe mara 2,600 kwa dakika. Linavuta kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 40. Ncha yake inakwenda zaidi ya kilometa 340 kwa saa. Mvuto wote huo unabebwa na bolti moja ndogo mwishoni mwa shafti mlalo ya kichwani, pamoja na beringi moja ya vipande vitatu: pete mbili, na gololi katikati yake.

Beringi hiyo ndiyo iliyonifundisha kutoamini boksi. Helikopta yangu ya tatu, mpya kabisa, ilikuwa laini mezani. Vishikio vya mapanga vinageuka kwa kidole kimoja. Hewani ikawa nzito, sevo (mota ndogo zinazosukuma fimbo za kichwani) zinaguna, ikinyanyuka inachelewa kutii. Nikabadilisha sevo moja, nikabadilisha betri, nikakesha na vipimo. Mwishowe nikafungua vishikio. Zile pete mbili hazilingani: moja tundu lake ni kubwa kidogo kuliko la mwenzake, tofauti ambayo jicho halioni lakini shafti inaisema. Yenye tundu kubwa inatakiwa ikae ndani, kuelekea katikati ya kichwa, kwa sababu inageuka pamoja na kishikio na haitakiwi kugusa shafti. Yenye tundu dogo inakaa nje, kwenye bolti, ikiikumbatia shafti. Yangu zilikuwa zimegeuzwa upande mmoja. Mezani hakuna mvuto wa kwenda nje, kwa hiyo hakuna dalili. Kilo 40 zikiingia, pete inabana shafti na kishikio kinakuwa kama kina breki. Kwa hiyo fungua, chomeka kila pete kwenye shafti uisikie, zipange, weka grisi kwenye gololi, funga. Ni kazi ya jioni moja.

Ukiwa umeshaifungua, ile shafti mlalo iviringishe juu ya kioo. Ikiwa imepinda hata kidogo utaona mwanga ukipita chini yake na kufungika, ukipita na kufungika. Fanya hivyo kwa shafti kuu pia. Shafti iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo, hubadilishwa. Najua wapo wanaonyoosha, na nimeona matokeo.

Mapanga yenyewe yapime kwenye mizani ndogo ya gramu. Yakitofautiana, jua kwamba gramu 1 tu kwenye ncha, kwa kasi niliyoitaja, inavuta kama kilo 2 na nusu upande mmoja, na mvuto huo unazunguka mara 43 kila sekunde. Kabla ya kuongeza utepe kwenye lililo jepesi, lilaze kila panga juu ya ukingo wa rula utafute mahali linapolingana. Mapanga mawili yanaweza kuwa na uzito sawa kwenye mizani na bado kitovu cha uzito cha moja kikawa karibu na ncha kuliko cha lingine. Rekebisha kitovu kwanza kwa utepe mwembamba, halafu ndipo usawazishe uzito kwa utepe uliowekwa palepale kwenye kitovu.

Kelele ya gia: gia ndogo ya mota imesukumwa mno kwenye gia kuu. Legeza skrubu za mota, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, uupitishe kati ya gia mbili, zisukume zikutane, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Inatakiwa itoke imekunjwa meno-meno bila kukatika. Baada ya hapo zungusha gia kuu duara zima, kwa sababu gia za plastiki si duara kamili. Ukikuta sehemu inabana, rudia kipimo hapo penye kubana. Gia zikibana zinalia kama zako. Zikiachana zinacheza, zinagonga, na siku utakayoongeza nguvu ghafla meno yatanyolewa.

Bado skrubu. Ukiwa umefungua hiki na kile, kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma itoe, ifute mafuta kwa spiriti, iache ikauke, tia tone dogo la gundi ya hesi, ile inayozuia skrubu isijifungue, kwa ncha ya kijiti cha meno, rudisha. Gundi iwe ya nguvu ya wastani, ambayo kwa kawaida ni ya buluu. Nyekundu inashika kiasi kwamba utahitaji moto kuifungua. Kwenye plastiki usitie, kwa kuwa baadhi ya plastiki zinapasuka. Na karibu na beringi tia kidogo sana, maana ikitiririka ndani beringi imekwisha. Skrubu za mota yangu ya kwanza zilikuwa kavu kabisa kutoka kiwandani. Zilijifungua kwa mtetemo, mota ikarudi nyuma, gia ikanyolewa nikiwa mita 2 kutoka ardhini. Tangu siku ile hakuna helikopta iliyoruka mikononi mwangu kabla sijafungua kila skrubu ya chuma kwa zamu.

Fuata mpangilio huu: mkono, bolti za mapanga, jaribio bila mapanga, kisha eneo ulilolibaini. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Niandikie mtetemo ulikuwa wapi.

SWALI: Mama Fundi, helikopta yangu mpya ikiwa hewani nikiitazama kwa ubavu naona mapanga yanaenda kwenye ngazi mbili, moja juu ya lingine. Ni kawaida?
Msomaji wa Muda Mrefu

JIBU: Si kawaida, dada, lakini si ugonjwa mkubwa. Panga moja lina mwinamo zaidi kuliko lingine. Bandika utepe wa rangi kwenye ncha ya panga moja na wa rangi nyingine kwenye la pili, vyenye urefu sawa na uzito sawa. Vaa miwani ya kukinga macho, simama angalau mita 10, mwombe mwenzako aitazame kwa ubavu ikiwa karibu kunyanyuka, asisimame usawa na mapanga. Rangi iliyo juu ndiyo yenye mwinamo mkubwa. Zima, chomoa betri, zungusha kikombe cha plastiki kilicho mwishoni mwa fimbo inayogeuza panga hilo nusu mzunguko au mmoja kuelekea upande unaopunguza mwinamo, jaribu tena.

Ila kabla hujazungusha chochote, pima urefu wa fimbo mbili zinazopanda kwenye vishikio. Kama ziko sawa kabisa na bado mapanga yanapishana, shafti mlalo ya kichwani huenda imepinda, na ukirefusha fimbo utakuwa umeficha upindo. Angalia shafti kwanza.

SWALI: Shikamoo Mama. Yangu ikinyanyuka tu sentimita chache inazunguka kama pia, siwezi kuizuia kwa kijiti. Imeshanivunjia mapanga jozi moja. Fundi mmoja amesema jairo ni mbovu ninunue nyingine.
Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi

JIBU: Marahaba. Usinunue bado. Pole kwa mapanga, na nafurahi kwamba yaliyovunjika ni mapanga tu.

Chomoa nyaya za mota, zote tatu, uzitenganishe zisigusane, ili uweze kuwasha umeme bila kitu kuzunguka. Washa. Sukuma kijiti cha mkia kulia, tazama mapanga ya mkia yanageukia wapi, kumbuka. Acha kijiti. Sasa shika helikopta, geuza pua yake kwa haraka kwenda kushoto. Jairo inatakiwa iyageuze mapanga ya mkia upande uleule uliouona ulipotoa amri ya kulia, kwa sababu kazi yake ni kuirudisha pua. Yakigeuka upande wa kinyume, jairo yako ni nzima, ila imewekwa kinyume: kila helikopta inapogeuka kidogo, yenyewe inaongeza mgeuko. Hakuna kidole kinachoweza kushindana nayo. Kuna swichi au kipimo cha kugeuza mwelekeo; geuza, rudia jaribio.

Kama mwelekeo uko sahihi, chomoa betri, zungusha gia kuu kwa mkono upande inaozunguka ikiruka, na utazame mapanga ya mkia. Ukingo mnene wa mviringo unatakiwa utangulie. Ukiona ukingo mwembamba ndio unaotangulia, ama mapanga yamefungwa kinyume, ama mkanda umesokotwa upande usio wake wakati wa kuunganisha bomba la mkia. Mkanda husokotwa robo duara, na ukienda upande mwingine rota ya mkia inazunguka kinyumenyume. Mtu anaweza kuutazama mara kumi asione.

Jambo moja lisikutishe: ikiwa mezani umeiwasha na kuigusa, kisha mapanga ya mkia yakasogea na kubaki upande bila kurudi katikati, hiyo ni tabia ya jairo inayoshika mwelekeo. Inasubiri pua irudi. Nimeona jairo nzima zikirudishwa dukani kwa kosa hilo.

SWALI: Mama Fundi, ikiwa hewani inayumbayumba, haitulii sehemu moja. Nikiiweka sawa kwa trimu, vile vitufe vya rimoti vya kurekebisha kidogo kidogo, baada ya dakika inaegemea upande mwingine. Hakuna mtetemo wala kelele.
Baba wa Mapacha

JIBU: Trimu iliyo sahihi leo na si sahihi baada ya dakika maana yake kuna kitu kinakwama na kukwamuka, baba. Kwenye mashine mpya ninavishuku vile vikombe vya plastiki vinavyobanwa juu ya gololi kwenye fimbo za kichwani. Vikiwa vipya hubana. Sevo inasukuma, kikombe kinang'ang'ania, halafu kinaachia ghafla na kupitiliza. Mikono yako nayo inakimbiza kosa ambalo limeshahama.

Toa upande mmoja wa kila fimbo kwenye gololi yake, uiache ining'inie kwa upande wa pili. Inatakiwa ianguke kwa uzito wake yenyewe. Isiyoanguka, banza kikombe chake polepole kwa koleo kikiwa bado juu ya gololi, geuza kidogo, banza tena, jaribu. Polepole, kwa sababu ukizidisha kitacheza, na kikombe kinachocheza ni kibaya kuliko kinachobana. Angalia pia kama kimevalishwa upande sahihi. Vikombe vingi vina herufi upande mmoja, na upande huo hutazama nje. Ukikivalisha kinyume hakitalainika hata ukibanza siku nzima.

Kisha ondoa fimbo zote kwenye ile sahani inayopanda na kushuka kwenye shafti kuu, uisogeze kwa mkono juu hadi chini. Iteleze bila kukwaruza. Ikikwama mahali pamoja, futa shafti kwa kitambaa safi kwanza, mara nyingi ni grisi ya kiwandani iliyoganda na vumbi.

SWALI: Nikizungusha rota kwa mkono upande mmoja, gia kuu inabaki imetulia. Upande wa pili inakwenda pamoja na mota. Imevunjika?
Mgeni wa Helikopta

JIBU: Ni nzima. Ndani ya gia kuu kuna beringi ya njia moja. Mota ikizimika angani, rota inaendelea kuzunguka bila kuburuta mota, na rubani mwenye mazoezi anaweza kuishusha kwa kasi iliyobaki kwenye mapanga. Izungushe upande inaorukia: iteleze kwa urahisi, bila kukwaruza. Upande wa pili ishike papo hapo, bila kuteleza hata kidogo. Ikiteleza pande zote mbili, ndipo uniandikie tena.